Trauti wa Titicaca na Hesabu Isiyokamilika

Ziwa Titicaca liko katika uwanda wa juu wa milima ya Andes, mpakani mwa Peru na Bolivia, mita zipatazo 3,800 kutoka usawa wa bahari. Anayetaka kukisia kimo hicho na akikumbuke kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, ambako wapandaji hulala wakitetemeka kwa baridi. Ziwa hilo liko juu zaidi ya hapo. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 8,300 na kina chake hufika mita 280. Kandokando yake wanaishi wakulima wa Kiaymara na Kiquechua, ambao hulima viazi, shayiri na kinoa, hufuga kondoo na ng'ombe wachache, na tangu kale huvua samaki kwa mitumbwi iliyofumwa kwa matete. Katika ziwa hilo, mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, walipandikizwa samaki aina ya trauti waliotoka Marekani. Imepita miaka zaidi ya 80 sasa, na mabishano juu ya jambo hilo, kama lilikuwa la heri au la shari, hayajakwisha.

Huenda mtumishi wa serikali aliyeko Mwanza au Bukoba, au mwalimu wa jiografia aliyeko Njombe, akauliza: trauti wa Andes wanatuhusu nini? Wanatuhusu sana. Nchi yetu ina ziwa lililopandikizwa samaki mgeni, nayo inaendelea kupandikiza samaki katika mabwawa, malambo na vizimba. Kila mradi wa namna hiyo huandikiwa taarifa, na katika kila taarifa huwa pana neno "mafanikio". Ziwa Titicaca ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi neno hilo linavyoweza kuandikwa kwa haki na bado likapotosha.

Yafaa kwanza kuangalia jinsi trauti walivyofika huko. Katika miaka ya 1930 serikali ya Peru ilitaka uchumi wa mkoa wa Puno ukue. Mkoa huo ulikuwa maskini, ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa mabwanyenye wenye mashamba makubwa ya kufugia kondoo, na wakulima wengi waliishi kwa kubanana ufukweni. Serikali ikaomba ushauri kwa Marekani, na mtaalamu wa idara ya samaki ya nchi hiyo akaja kulitazama ziwa. Alilolikuta ni maji baridi, safi, yenye kina kirefu, na ndani yake samaki wadogowadogo ambao kwao Marekani wasingehesabiwa kuwa samaki wa biashara. Ushauri wake ulifuata pale pale: waletwe samaki wakubwa wa maji baridi. Kikajengwa kituo cha kutotolesha vifaranga huko Chucuito, karibu na mji wa Puno; mayai ya trauti yakasafirishwa kutoka Marekani, na vifaranga wakamwagwa katika mito na ziwani. Aina kadhaa zilijaribiwa. Iliyoshika hasa ni ile ya trauti mwenye mkanda wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye asili yake ni mito ya pwani ya magharibi ya Marekani ya Kaskazini.

Mtaalamu huyo hana haja ya kulaumiwa kwa nia mbaya. Alifanya kazi aliyoitiwa. Lakini aliulizwa swali moja tu, yaani ziwa hili lingeweza kuzaa nini cha kuuzwa, naye akalijibu swali hilo. Swali la pili, yaani ziwa hili linazaa nini sasa na nani anakula, halikuwamo katika barua ya kumwalika.

Jibu la swali hilo la pili lilikuwapo, tena lilionekana kila siku ya soko. Ziwa Titicaca lina jamii ya samaki ambao wataalamu huiita Orestias, na aina nyingi za jamii hiyo haziko mahali pengine popote duniani. Yumo karachi, samaki mfupi mnene anayekaa karibu na majani ya majini. Yumo ispi, mdogo mwembamba, anayekwenda kwa makundi makubwa, ambaye huanikwa na kuliwa mzima kama dagaa wetu. Yumo boga. Yumo mauri, ambaye ni wa ukoo wa kambare. Na alikuwamo humanto, mkubwa kuliko wote wa jamii ya Orestias, mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 20, kichwa kirefu na mdomo uliopinda kwenda juu, akiwinda samaki wadogo katika maji ya wazi. Wanawake wa ufukweni walibeba samaki hao hadi sokoni, wakabadilishana kwa viazi vilivyokaushwa na nafaka za watu wa mabonde ya mbali. Katika biashara hiyo fedha zilipita kidogo sana, na kwa sababu hiyo haikuingia katika vitabu vya serikali. Kitu kisichoingia vitabuni, machoni mwa ofisi, hakipo. Ndiyo maana ziwa lililokuwa likilisha maelfu ya watu liliweza kuhesabiwa kuwa ziwa linalosubiri samaki.

Ugonjwa huo wa macho unajulikana hata kwetu. Ni mara ngapi Afisa ameandika kwamba eneo fulani "halitumiki", wakati akina mama wa kijiji wanachuma humo mboga za majani, wanakata humo ukindu na kuni, na vijana wanachunga humo mbuzi wao?

Trauti walistawi. Walikuta chakula tele, ispi na vijidudu vya majini, na walikuta mito yenye changarawe ambamo waliweza kupanda kwenda kutaga mayai. Walinenepa na kukua kupita kawaida ya samaki wa aina yao. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kiaymara na Kiquechua walikwisha kuanza kuwavua kwa wingi, na hasa zilipowafikia nyavu za makila za nyuzi za nailoni, zisizooza na zisizoonekana kwa urahisi majini. Kuanzia mwaka 1961 wenye mitaji wakajenga viwanda vya kusindika trauti katika makopo, na makopo hayo yakasafirishwa kuuzwa nchi za nje. Kwa miaka michache sura ya ufukwe ilibadilika: fedha taslimu zilionekana katika nyumba ambazo hazikuwa zimezoea kuziona, mitumbwi ya mbao ikaanza kuchukua nafasi ya ile ya matete, na wakulima wengi wakajiita wavuvi.

Kama taarifa ya tathmini ingeandikwa katikati ya miaka ya 1960, mwandishi wake angestahili kupongezwa akiandika "mafanikio makubwa". Viwanda vilikuwapo na makopo yalihesabika.

Kufikia mwaka 1970 viwanda hivyo vilikuwa vimefungwa. Trauti walikuwa wamevuliwa kuliko uwezo wao wa kuzaana, hasa kwa kutegewa kwenye midomo ya mito wakati ule ule wanapopanda kwenda kutaga. Zaidi ya hayo walikuwa wamepata mshindani, pehereyi, samaki mwingine mgeni wa kutoka Argentina. Huyo alipandikizwa katika Ziwa Poopó, upande wa Bolivia, katika miaka ya 1940, akapanda Mto Desaguadero mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu, na katikati ya miaka ya 1950 akawa amekwisha kuingia Titicaca. Samaki hasomi mipaka ya mradi. Taarifa ambayo ingeandikwa mwaka 1970 ingelazimika kusema "umeshindwa".

Na leo? Leo trauti wa Puno hawategemei tena mito ya kutagia. Wanafugwa katika vizimba vinavyoelea ziwani, kwa vifaranga na chakula kinacholetwa, na mkoa huo mmoja ndio utoao sehemu kubwa kabisa ya trauti wote wa Peru, makumi ya maelfu ya tani kila mwaka. Ukimwuliza mwenye vizimba, atasema mradi wa miaka ya 1930 ulikuwa wa busara kubwa. Basi hapo pana hukumu tatu juu ya tendo moja, na kila moja ina tarakimu zake za kweli. Kinachotofautiana ni siku aliyokuja mkaguzi.

Hapana budi kusema wazi kwamba hesabu zote tatu zina kasoro moja inayofanana, nayo ni kwamba zote zinamhesabu trauti. Hakuna hata moja inayomhesabu humanto.

Mwaka 1937 msafara wa wataalamu wa Kiingereza, uliogharamiwa na mfuko wa Percy Sladen na kuongozwa na Cary Gilson, ulifika Titicaca na kukusanya samaki na viumbe wengine kwa ajili ya elimu. Wakati huo humanto alikuwapo. Uchunguzi wa mwaka 1962 haukumpata hata mmoja, na shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe likamwandika katika orodha ya waliotoweka duniani. Kilichomwua hakiwezi kuthibitishwa kama kesi inavyothibitishwa mahakamani. Wataalamu humshuku kwanza trauti, aliyemla na kumnyang'anya chakula, kisha pehereyi. Haiwezi kuthibitishwa kwa sababu hakuna aliyekuwa akihesabu. Kituo cha Chucuito kilijua mayai mangapi yametotolewa. Hakikuwa na mtu wa kwenda sokoni kuangalia kama humanto bado wanauzwa. Samaki aliyeishi katika ziwa hilo kwa maelfu ya miaka aliondoka bila hata kuandikiwa tarehe.

Hasara haikuishia hapo. Mwezi Desemba 1981 maradhi ya vimelea vya ngozi, yale yanayowaotesha samaki vidoa vyeupe, yaliwaua samaki wa jamii ya Orestias wanaokadiriwa kufika milioni 18. Kimelea hicho ni kile kile kinachojulikana sana na wafugaji wa samaki, na dhana ya wachunguzi ni kwamba kililetwa na samaki wageni. Mradi wa samaki huleta samaki, na huleta pia vile alivyobeba samaki huyo mwilini mwake na katika maji aliyosafirishwa nayo. Katika bajeti ya mradi vitu hivyo havina kifungu.

Hata hivyo haki inataka upande wa pili usikilizwe. Wapo waandishi, hasa wa Ulaya na Marekani, ambao husimulia habari za Titicaca kana kwamba kabla ya trauti wakulima wa huko walikuwa wakiishi peponi. Si kweli. Walikuwa wakinyonywa na mabwanyenye, na shule na hospitali zilikuwa mbali nao. Fedha ya trauti ilikuwa miongoni mwa fedha za kwanza ambazo wengi wao walizipata bila kwenda kuwa vibarua katika mashamba ya pwani au migodini. Kwa fedha hiyo walinunua mabati, wakalipa karo. Mwalimu anayefundisha kijijini anajua uzito wa jambo hilo, na hawezi kudharau samaki aliyempeleka mtoto shule kwa sababu tu samaki huyo ni mgeni. Viazi navyo vilikuwa wageni katika Afrika, na mahindi vilevile.

Kwa hiyo ugeni wa samaki hauwezi kuwa kipimo. Kipimo ni nani anafaidi, nani anapoteza, na kama kilichopotea kinaweza kurudishwa. Fedha iliyopotea mwaka 1970 ilirudi baadaye kwa njia ya vizimba. Humanto hawezi kurudi. Mambo hayo mawili hayafai kuwekwa katika safu moja ya hesabu, na hapo ndipo taarifa nyingi zinapokosea.

Jambo la ajabu ni kwamba Marekani yenyewe, ilikotoka nasaha ya kupandikiza, imelazimika kulitazama upya jambo hilo nyumbani kwake. Katika milima ya Sierra Nevada, jimboni California, yako maelfu ya maziwa madogo ambayo mengi yake hayakuwa na samaki kabisa, kwa sababu maporomoko ya maji yaliwazuia kupanda. Tangu karne ya 19 watu walibebesha nyumbu vifaranga vya trauti na kuvimwaga humo. Baadaye vilirushwa kutoka kwenye ndege. Shabaha ilikuwa kuwafurahisha watalii wenye ndoana. Katika maziwa hayo waliishi chura wenye miguu ya rangi ya manjano, kwa wingi usiohesabika, ambao viluwiluwi vyao huhitaji zaidi ya mwaka mmoja majini kabla ya kukua. Trauti wakawala. Mbuga ya Taifa ya Yosemite iliacha kupandikiza samaki mwaka 1991. Kisha wachunguzi wakafanya jambo ambalo tathmini nyingi hazithubutu kulifanya: waliteua maziwa machache, wakawaondoa trauti kwa nyavu, wakayaacha mengine yalivyo, halafu wakangoja na kuhesabu. Mwaka 2004 Vance Vredenburg alitangaza matokeo. Pale trauti walipoondolewa chura waliongezeka upesi. Pale walipobaki chura hawakuongezeka.

Hiyo ndiyo tathmini hasa, maana inalinganisha penye mradi na pasipo mradi. Lakini izingatiwe kwamba iliwezekana kwa sababu maziwa yale ni madogo kama malambo ya ng'ombe na yako kwa maelfu. Titicaca ni moja. Hakuna Titicaca ya pili isiyo na trauti ya kwenda kulinganisha nayo, na hakuna nyavu za kuwaondoa. Mwenye ziwa moja tu hana nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Ziwa Victoria nalo ni moja. Habari za sangara zinafahamika kwa wasomaji, lakini si vibaya kuzikumbusha, kwa sababu vijana wengi walioko madarasani leo wanadhani sangara alikuwamo tangu Mungu alipoumba ziwa. Alipandikizwa chini ya utawala wa kikoloni wa Kiingereza, upande wa Uganda, katika miaka ya 1950, na upandikizaji ukaendelea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hoja ilikuwa ile ile ya Puno: ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye mifupa, wasio na bei, aletwe mkubwa awale hao wadogo, na mtu amle mkubwa. Kwa miaka mingi hakikuonekana kitu. Katika miaka ya 1980 sangara walifurika, na furu, waliokuwa na mamia ya aina zisizopatikana kwingine, wakaporomoka mbele ya macho ya watu.

Tofauti moja kati ya Mwanza na Puno inastahili kutajwa kwa fahari. Kuanzia mwaka 1977 wachunguzi wa Kidachi, wakishirikiana na Watanzania wa utafiti wa uvuvi, walikuwa Ghuba ya Mwanza wakivua, wakichora na kuhesabu furu, aina moja baada ya nyingine. Hawakuweza kumzuia sangara. Lakini sangara alipofurika, daftari lilikuwapo, na kwa sababu daftari lilikuwapo iliwezekana kusema kwa uhakika ni kitu gani kimepotea, wapi, na katika miaka gani. Na baadaye, katika miaka ya 1990, iliwezekana kutambua kwamba baadhi ya furu wameanza kurejea. Kazi ya namna hiyo huonekana ofisini kama anasa. Mtu aliyekaa kwenye mashua akipima urefu wa samaki wa sentimita 8 haonekani kuwa anajenga taifa.

Kuhusu nani alifaidi, wananchi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa. Viwanda vya minofu vilijengwa, ajira ikapatikana, fedha za kigeni zikaingia, na kwa taifa lililokuwa na uhaba mkubwa wa fedha hizo halikuwa jambo dogo. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa na vichwa vikabaki, vikakaangwa, vikaitwa mapanki, na wavuja jasho wakavinunua. Hakuna tarakimu ya tani zilizosafirishwa inayoweza kuyaeleza mapanki. Lazima mtu aende sokoni Kirumba akayaone. Hata hivyo yasemwe yote: wapo wavuvi waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa sangara, na wapo kina mama waliokosa furu wa bei rahisi na wakaokolewa na dagaa, ambao Mwenyezi Mungu aliwajalia wasimalizwe na sangara.

Ndipo linapokuja suala ambalo huko Titicaca lilizua ugomvi wa muda mrefu, nalo ni suala la nani mwenye ziwa. Kwa mujibu wa sheria ya Peru, maji ni mali ya taifa. Lakini kila kijiji cha ufukweni kilikuwa, na kingali, na sehemu yake ya ziwa inayojulikana kwa alama za ufukweni, na mgeni akitega nyavu humo bila ridhaa huweza kunyang'anywa nyavu hizo. Serikali, ya wanajeshi na ya raia vilevile, ilitoa leseni, ikaunda Wizara ya Uvuvi mwaka 1970, na mwaka 1978 ikatangaza sehemu ya matete na maji kuwa hifadhi ya taifa. Wanavijiji walilazimika kuipigania haki yao ya kukata matete ambayo babu zao walikuwa wakiyatunza. Watu wa mjini walisema wanavijiji ni wabishi na hawaelewi maendeleo. Lakini ilidhihirika kwamba penye ulinzi wa kijiji nyavu za wageni hazikuingia ovyo, na samaki wa asili walipata pa kukaa. Ubishi wa wanavijiji ulikuwa aina ya utawala ambayo wizara haikuwa na fomu yake.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kulisema jambo hilo kwa Tanzania: wananchi hawapaswi kupelekewa mipango iliyokwisha kamilika, bali wawe na sehemu katika kuifikiria, kuipanga na kuitekeleza. Mara nyingi maneno hayo yamesomwa mikutanoni na kusahauliwa kwenye lango la kutokea. Katika mradi wa samaki yana maana iliyo wazi kabisa. Kabla ya kifaranga wa kwanza kumwagwa, mvuvi mzee na mama muuza samaki waulizwe ni samaki gani wamo, wanakaa wapi, wanazaa lini, nani anawala na kwa bei gani. Majibu yaandikwe, nakala ibaki kijijini na nyingine iende wilayani. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni. Mwalimu mmoja na wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuifanya kwa muhula mmoja, wakiwa na daftari na rula, na wakipeleka samaki wasiomjua kwa Afisa Uvuvi ili amtambue. Kama shule za Puno zingefanya hivyo mwaka 1938, pengine humanto angekufa vilevile, lakini angalau mtu angelijua jambo hilo kabla ya mwaka 1962.

Sasa yamekuja vizimba, kwao na kwetu. Katika Ziwa Victoria vimeongezeka, na serikali imewakopesha vijana ili wafuge sato. Hilo ni jambo la kuungwa mkono, maana samaki wa porini wamepungua na watu wameongezeka. Lakini Titicaca inaonyesha mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni maji. Titicaca hupoteza maji yake karibu yote kwa mvuke, na kiasi kidogo tu hutoka kwa Mto Desaguadero; uchafu wa chakula na kinyesi cha samaki haupandi na mvuke, unabaki. Ziwa Victoria nalo hupoteza kwa mvuke maji mengi kuliko yanayotoka kwa Mto Nile. Ghuba iliyofungika yenye vizimba vingi haiwezi kujisafisha kwa sababu tu ziwa ni kubwa kwenye ramani. Ghuba ya Puno, ambayo pia hupokea maji machafu ya mji, imekwisha kuota majani ya kijani juu yake, na ushahidi huo wauona kila mpita njia.

La pili ni chakula cha samaki wenyewe. Trauti ni mla nyama. Chakula chake hutengenezwa kwa unga wa samaki, na Peru ni mzalishaji mkubwa wa unga huo kutokana na anchoveta wa bahari. Kwa hiyo tani ya trauti inapohesabiwa kuwa nyongeza ya chakula cha taifa, lazima itolewe kwanza samaki iliyoliwa na trauti huyo. Sato ana nafuu, maana anaweza kula vitu vya mimea. Lakini pale dagaa wanaponunuliwa kwa magunia kwenda kusagwa kuwa chakula cha samaki na kuku, bei yao sokoni hupanda, na anayeipanda bei hiyo kwa jasho ni yule yule mama aliyeachwa na furu.

Afisa anayekaa kuandika taarifa ya mradi wa vizimba mwaka huu ana karatasi ya kawaida mbele yake: idadi ya vizimba, idadi ya vifaranga, tani zilizovunwa, mkopo uliorejeshwa. Aijaze. Kisha aongeze kwa mkono wake bei ya fungu la dagaa katika soko la karibu, mwaka huu na mwaka jana. Majina ya samaki ambao wavuvi walikuwa wakiwapata na hawawapati tena. Kina cha maji chini ya vizimba na hali yake. Na majina ya vijiji vilivyoulizwa kabla ya vizimba kutiwa nanga. Mkubwa wake huenda akasema karatasi haina nafasi ya mambo hayo. Basi ayaandike upande wa nyuma, atie tarehe na sahihi, na ahakikishe nakala inabaki katika jalada la wilaya.